Kituo Alichokipita Bwana Lita

Kazini walimwita Bwana Lita kwa sababu alipima kila kitu kwa mafuta. Ukimuuliza sokoni ni mbali kiasi gani, atakwambia, "Hapo tu, hata lita moja haiishi." Alianza kazi kwenye kituo kimoja cha mafuta akiwa kijana wa kushika mpira wa pampu na kufuta vioo vya magari. Sasa mvi zimemwingia na yeye ndiye msimamizi, mwenye funguo kiunoni na kalamu mfukoni.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ile ya asubuhi. Kabla magari hayajawa mengi, alipanda pikipiki akapita kwenye vituo vya jirani kama mtu anayekwenda zake, huku akisoma vibao vyao vya bei kwa pembe ya jicho. Kisha alimpigia simu mwenye kituo chao, akamsomea bei za majirani, na mwenye kituo akakohoa kidogo, akataja bei ya siku. Bwana Lita akapanda ngazi, akabadilisha tarakimu kwenye kibao chao. Mkewe alimtania kwamba ameoa mke lakini kila asubuhi anaamka kwenda kuchungulia majirani.

Basi binti yao, kifungua mimba, akapata mchumba. Mama wa mchumba, mjane anayeendesha gari la shule, akawaalika chakula cha mchana kwake, mji wa mbali kidogo, ili wakwe wajuane. Bwana Lita alikaa roho juu wiki nzima. Alijua watu wanavyowasema watu wa pampu, kwamba wanapunja, kwamba mkono wao mmoja uko kwenye mpira na mwingine kwenye mfuko wako. Alitaka jambo moja tu siku hiyo, binti yake aonekane ametoka kwa watu wa maana. Alinunua shati jipya, akasugua mikono kwa limau mpaka ikamwasha.

Walikwenda kwa gari la shemeji yake, kaka wa mkewe. Shemeji alishika usukani, Bwana Lita akakaa kando yake, mama na binti nyuma. Walipokaribia kufika, taa ya mafuta ikawaka. Mbele yao kulikuwa na kituo kipya, cheupe, peke yake kando ya barabara kuu. Shemeji akawasha indiketa.

"Usisimame hapa," Bwana Lita alisema. "Umeona kibao? Hawa ni wezi wenye risiti."

"Taa imewaka, shemeji."

"Imewaka, haijazima gari. Twende njia panda. Pale viko viwili vinatazamana, na vituo vikitazamana lazima bei ishuke. Nakwambia mimi."

"Baba watoto, jaza hata kidogo tu," mkewe alisema kutoka nyuma.

"Nani anafanya kazi kwenye mafuta humu ndani?"

Jibu lilijulikana. Shemeji akazima indiketa.

Njia panda vituo vilikuwepo, vinatazamana kama alivyosema, na bei ilikuwa chini kama alivyosema. Ila kimoja kilikuwa kimefungwa kwa kamba, na kwenye kingine mhudumu alikuwa amekalia ndoo, mikono mapajani. "Yamekwisha, mzee," alisema. "Bei yetu nzuri, kila mtu anakuja kwetu. Tunasubiri lori."

Gari lilizimika kwenye mwinuko, nyumba za mji wa wakwe zikionekana. Mkewe alisukuma akiwa na viatu vya sherehe. Binti alisukuma huku gauni lake limekunjwa mkononi. Shemeji aliongoza usukani kupitia dirishani, macho mbele, na Bwana Lita angeona afadhali atukanwe. Mwisho binti akampigia simu mchumba wake, lakini aliyekuja alikuwa mama mkwe mwenyewe, na gari la shule, na dumu la mafuta mkononi. Alikuwa amewapita kwanza mpaka kile kituo cheupe, akayanunua huko.

Bwana Lita alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwanamume wa pampu, aliyeota sugu kwa kujazia watu magari, anamiminiwa mafuta njiani na mkwe, na anashindwa hata kushika dumu vizuri. Yakamwagikia shati. Akaingia kwa wakwe ananuka petroli kuliko siku yoyote ya kazi.

Mama yule alikuwa mtu mwema. Mezani aliona mgeni wake ameinamia sahani kama mtoto aliyekaripiwa, akatafuta la kumwinua.

"Mkwe wangu, wewe ndiye mtaalamu," alisema. "Hebu nieleze. Mafuta ni yale yale, barabara ile ile. Kwa nini hapa bei hii, na hapo mbele kidogo bei nyingine?"

Bwana Lita akanyanyua kichwa. Alieleza kwamba hata ghala huwa ni moja na lori huwa moja. Ila huyu analipa kodi kubwa ya kiwanja, yule hailipi. Huyu ana jirani wa kumchungulia, akipandisha tu wateja wanavuka barabara. Sauti ilimrudia, mabega yakapanda. Mkewe akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwinuko.

"Na kile cheupe?"

"Kile hakina jirani. Mwenyewe anajua msafiri haoni kibao cha mbele. Pale mtu analipia kutojua kwake."

"Kumbe," mama alisema, ameridhika. "Na msafiri akikuuliza wewe, kwenye kituo chenu, kama mbele kuna pa rahisi zaidi, unamjibuje?"

Aliuliza kwa nia njema kabisa. Bwana Lita akaweka kijiko chini. Binti, aliyefurahi kuona baba yake amechangamka, akamjibia huku akicheka.

"Baba? Baba anawaambia yeye mgeni, hajui hata barabara inakwenda wapi. Miaka yote hiyo, mgeni. Sisi watoto tukimpelekea chakula kituoni alitufundisha tujibu vivyo hivyo."

Alicheka peke yake. Kisha akajisikia alivyosema, na kicheko kikakatika. Mchumba wake aliangalia glasi.

Mama mkwe akamgeukia msichana, akamuuliza kwa upole, "Na wewe mwanangu, ulikuwa unawajibu hivyo?"

"Ndiyo, mama," binti alisema, ameinamisha uso.

Bwana Lita alijua hapo ndipo pa kusema kosa ni lake, mtoto hana hatia. Alifungua mdomo, akaomba maji.