Baba mkwe alivyopeleka mbuzi hospitali ili moyo wa mke wangu uonekane

Wakuu salaam. Wakubwa shikamooni, wadogo shikamoo zenu nimeshazipokea.

Haya ni kweli tupu. Shahidi yupo hapa pembeni anachambua mboga.

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang nilikuwa dereva wa kombaini. Mimi Mmbulu wa Endagikot, shule niliishia la nne, ila lile dude nililiweza. Ngano ilikuwa imetanda mpaka macho yanachoka. Basi tuyaache hayo.

Mke wangu Udameda ni Mbarabaig wa Basotu. Akaanza kuhema akipanda hata kilima kidogo, moyo unamkimbia ovyo.

Asubuhi moja kikombe kikamponyoka, akataka kusema, kauli hakuna. Baadaye kauli ikarudi, lakini mimi sikungoja, nikampeleka zahanati.

Mganga wa zahanati akasema nendeni Moshi, hospitali kubwa, kuna mashine inaona ndani ya moyo.

Sasa baba mkwe, Mzee Gidahuda, kazi yake ilikuwa kusoma utumbo. Ukiwa na shida unachinja mbuzi, yeye anautazama utumbo na kukwambia kinachokuja. Aliposikia "kuona ndani", akaenda zizini akatoka na mbuzi jike mweupe, hana doa.

"Baba, hospitali hawachinji."

"Wataonaje ndani bila kuchinja? Wewe endesha kombaini yako."

Baba mkwe habishiwi. Tukapata lori la ngano, mgonjwa mbele kwa dereva, sisi na mbuzi juu ya magunia. Mbuzi akatoboa gunia, akala ngano ya serikali mpaka Moshi!

Mlinzi wa getini alicheka mpaka kofia ikadondoka. Mbuzi akafungwa nje.

Daktari, mama mmoja mpole, akampaka Udameda ute wa baridi kifuani, akapitisha kifaa kama kipande cha sabuni. Wanaita echo. Moyo ukaonekana kwenye kioo, unacheza. Mzee akanisukuma pembeni, akainama.

"Mbuzi gani huyu?"

"Si mbuzi, mzee. Ni moyo wa binti yako, sasa hivi."

Halafu daktari akaacha kutabasamu. Akaonyesha kitu kama donge.

"Damu imeganda humu. Nadhani kipande kilikimbilia kichwani, ndiyo maana kauli ilipotea. Likichomoka lote, tunaweza kumpoteza."

Mzee akauliza taratibu, "Linaondoka?"

"Mara nyingi, kwa dawa. Vidonge kila siku, damu inapimwa, na mizizi ya kienyeji asiiguse."

Mzee akakubali. Hilo lilinishangaza kuliko ile echo.

Mavuno yaliyofuata tukarudi. Mbuzi alibaki Basotu, alikuwa amezaa mapacha. Daktari akasogeza kioo.

"Leo soma wewe, mzee."

Akatazama weee. "Pasafi."

"Pasafi kweli," daktari akasema.

Wakuu, mzee aliimba kwenye korido mpaka manesi wakaja kupiga makofi! Valvu ya moyo wa Udameda, kile kilango cha damu, bado ina hitilafu, vidonge anameza mpaka leo, ila donge hakuna.

Ninachowaambia: mtu akipoteza kauli, hata ikirudi mwenyewe, mkimbizeni hospitali. Msikae kushukuru tu.

Waliokuwa kwenye ngano enzi zile semeni hapa chini, na wenye wagonjwa wa moyo ulizeni.

Nimemsomea Udameda. Anasema mwongo mimi, mbuzi alikuwa na doa sikioni.

Sawa. Abishe tu, sauti anayo.