Kibuyu cha mwisho cha Mama Faraja

Asubuhi hii ya mwisho wa Machi, kijijini Bombo, Fortunata Sifael, au Mama Faraja, anapanda juu ya kigoda, anashusha kibuyu kinachoning'inia juu ya jiko na kukitikisa karibu na sikio. Maharage yanagonga, makavu. Wadudu hawajaingia. Anakirudisha mahali pake, kisha anaketi kama mtu aliyetoka kulima ekari nzima.

Ana miaka 61. Ni kibarua wa mashamba ya tangawizi, na kwa zaidi ya miaka ishirini ndiye mtunza mbegu wa kikundi chao cha wakulima. Mbegu zake haziuzwi. Asiyenazo hupewa, naye akivuna hurudisha maradufu.

Lakini misimu miwili sasa mvua imekataa, na vibarua vimekauka pamoja na mashamba. Vibuyu vilikuwa saba. Sita vimeliwa, kwa uamuzi wa kikao. Hiki cha saba kikao kilishindwa kukiamulia, kikamwachia yeye.

"Walinitupia mzigo wakaenda makwao," anasema. "Sasa nikipita njiani naangaliwa kama mchawi."

Sokoni kilo ya maharage imefika shilingi 4,500. Siku akipata kibarua, analipwa 5,000. Wahenga walisema njaa mwana malegeza, na nyumba hii imeyaona: mumewe, Sadock, anaumwa tangu Januari na haamki bila kushikwa mkono.

Anayemsihi asikifungue ni Mzee Loth, bwana shamba mstaafu aliyesomea Urusi enzi za Wasovieti. Kila akija humsimulia habari za Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea aliyezunguka dunia akikusanya mbegu. Mji wa Leningrad ulipozingirwa vitani, baadhi ya wenzake walikufa kwa njaa huku wakilinda akiba ile ya mbegu, hawakuigusa. Vavilov mwenyewe alifia gerezani, amedhoofu kwa njaa.

Fortunata akiulizwa kama habari hizo humpa nguvu, anacheka bila furaha.

"Nawaheshimu marehemu. Ila Mzee Loth akimaliza kusimulia, anakwenda kwake. Mimi nabaki na mgonjwa."

Jumapili iliyopita, aliporudi kanisani, mgonjwa huyo alimwita karibu na kitanda. Fortunata anayarudia maneno yake huku ametazama mafiga.

"Aliniambia, 'Mama Faraja, nikifa leo, hayo maharage mtayapika msibani?'"

Alitoka, akalia nyuma ya banda la mbuzi. Ni vigumu kumsikiliza mama huyu na kubaki mkavu wa macho.

Sasa ameamua. Pasaka ni wiki mbili zijazo. Mvua ikishuka kabla ya hapo, atapanda yote na kuanza tena kujaza vibuyu, kimoja kimoja. Hilo ndilo analoliomba, na shamba ameshaliandaa.

"Isiposhuka, nayapika siku ya Pasaka, mzee wangu ale akiwa hai," anasema akijifunga kanga, tayari kwenda kutafuta kibarua. "Msibani watakula watakachokuta."