Mume wangu alikula kwa dada yake, nami nikazidisha sukari

Wakuu, salamu kutoka Likasi. Humu mimi ni wa kusoma, kucheka na kupita. Leo naandika yaliyonikuta, na sitaongeza chumvi.

Mume wangu, Baba Grâce, anafanya kazi kwenye kiwanda cha shaba. Mwaka jana alianza kukonda. Mkanda ukatobolewa tundu jipya, kisha lingine.

Kwetu mume akikonda, macho yote yanamgeukia mke. Sokoni ninapouza samaki wakaanza: "Mama Grâce, unamulishaka nini bwana yako?"

Basi nikapika. Bukari, ugali wetu, ya kujaa sahani, nyama, chai ya vijiko vinne vya sukari, na soda juu yake. Bado anakonda.

Halafu akawa anachezea chakula tu. Anasema ameshiba.

Ameshiba wapi, jamani?

Nikawaza mwanamke. Ule wivu usiombe ukupate. Nilinusa mashati, nilipekua simu, nilimchukia kila mama aliyenisalimia vizuri. Siku moja saa sita mchana nikafunika samaki wangu, nikamfuata kutoka geti la kiwanda.

Akaingia kwa dada yake mkubwa, yaya Béa tunavyomwita.

Mtadhani nilifurahi. Wapi! Bora angekuwa hawara, huyo ningejua la kumfanya. Nilichungulia uani nikamwona amekaa, mbele yake mboga nyingi na tonge dogo la bukari, wifi kasimama pembeni kama mama yake. Wanaongea chini chini na kucheka. Mimi nyumbani sichekewi hivyo. Na mwanaume mwenye mke akila kwa dada yake, mtaa mzima unajua mke hafai.

Nilirudi nalia njiani.

Sikumuuliza kitu. Niliamua kumshinda wifi kwa sufuria. Vijiko vinne vikawa sita, na nilimsimamia mpaka kikombe kiishe. Naye alikunywa, akikwepa ugomvi.

Jumapili moja tumetoka kanisani, akamaliza chai yake, akaanza kutapika. Kufika alasiri alikuwa hamtambui hata Grâce. Majirani wakanisaidia kumpakia kwenye teksi hadi hospitali.

Wifi akaja mbio. Akafungua mkoba, akatoa fishi, ile kadi ya hospitali, yenye jina la mume wangu. Ugonjwa wa sukari, miezi minane. Penye jina la anayemsimamia mgonjwa paliandikwa Béatrice.

Miezi minane! Mimi ninayelala naye sijui.

Daktari akasoma, akatutazama sote wawili. "Nani njo anamupikiaka?"

Wifi akanigeuzia macho.

"Ni minye," nikasema. "Na mu chai naweka vijiko sita."

Daktari akaweka kalamu chini. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nilimgeukia wifi, mbona hukuniambia? Hakuficha: "Bugonjwa ya muntu, ni ukoo njo unajuaka. Bibi yake anaweza kwenda kesho."

Siku ya tatu mume wangu akaweza kuongea. Nikamuuliza yeye pia. "Nilisikia haya," akasema. "Banasemaka sukari inamalizaka nguvu ya mwanaume. Niliwaza utaniacha."

Niliwakasirikia wote wawili. Lakini na mimi je? Siku ile pale uani ningeingia nikauliza, ningejua. Sikutaka kujua, nilitaka kushinda.

Nilimwomba muuguzi aandike jina langu kwenye fishi. Akaliandika chini ya la wifi, kwa herufi ndogo. Hata hilo liliniuma, sitawadanganya.

Sasa anakula nyumbani. Mboga nyingi, bukari kidogo, chai bila sukari. Jumamosi wifi anakuja, anaenda moja kwa moja jikoni kwangu na kufunua sufuria. Moyo unawaka. Ninamwacha afunue.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ila kwetu maradhi yalifichwa kwa mtu mmoja tu, yule aliyeshika kijiko.

Haya, wakuu. Kwenu bwana akiugua, anayeambiwa kwanza ni mke au ukoo? Na wanaume, msipite kimya: ungemwambia nani?