Gari la Buluu la Mzee Wiki Ijayo

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Watu wote tulimwita Wiki Ijayo, naye aliitika bila kinyongo. Jina lilitokana na gari lake la buluu, ambalo lilikaa bandani nyuma ya nyumba yake miaka mitatu bila kutoka. Ukimuuliza, "Mzee, linatembea lini?" alipangusa mikono kwenye kitambaa, akatazama juu kama anayepiga hesabu nzito, kisha akasema, "Wiki ijayo." Alisema hivyo kila wiki.

Kabla ya kustaafu aliendesha gari la kusambaza mikate, miaka thelathini. Aliamka kabla ya jogoo, akaacha mikate milangoni mwa watu, akaondoka kabla hawajafungua. Nadhani tabia hiyo haikumtoka. Mpaka mwisho alikuwa mtu wa kuacha vitu milangoni na kuondoka.

Mimi nilimjua kwa sababu ya shangazi. Shangazi ni fundi wa viti vya magari, na duka letu linatazamana na lango la mabati la mzee huyo. Niliishia darasa la sita, na tangu hapo nakaa kwenye cherehani ya pili. Shangazi huongea na wateja, mimi hutazama. Ukinyamaza sana watu husahau kwamba upo, wanaendelea na mambo yao.

Wateja wetu wakubwa ni Chama cha Magari ya Zamani. Jina ni kubwa, lakini wanachama walikuwa wanne tu. Mwenyekiti ni mpeleka barua mstaafu, anayependa kanuni kuliko chakula. Wa pili ni Daktari wa meno, mpole mpaka unamwonea huruma anapong'oa jino. Wa tatu ni Mwalimu, mama wa jiografia, anayeendesha kwa kasi kuliko hao wanaume wawili. Wa nne alikuwa Wiki Ijayo. Magari yao yote ni ya kampuni moja na umri wake unakaribiana, hivyo kifaa cha hili kinaingia kwenye lile kama viatu vya mapacha.

Kanuni yao ya kwanza inasema hakuna gari linaloachwa barabarani. Moja likizima, yote yanasimama mpaka lipone. Kwa hiyo matembezi yao ya Jumapili, ambayo kwa miguu yangechukua saa moja, wao walimaliza nusu siku. Wiki Ijayo hakukosa hata mara moja. Alikaa kiti cha nyuma cha gari la mwenzake, mfuko wa spana mapajani, anatabasamu kama mtoto anayepelekwa kununuliwa nguo.

Aliyeumia ni mke wake, ambaye mimi namwita Bibi. Mabati hayazuii maneno, tulikuwa tunayasikia yote.

"Wewe bwana, ningejua ningeolewa na baiskeli. Angalau inafika!"

"Wiki ijayo, mama. Nitakupeleka kilimani mwenyewe."

Kilima chenyewe ni kile chenye tangi la maji juu yake. Hapo ndipo walipokutana ujanani. Gari hilo hilo la buluu lilimzimikia katikati ya mteremko, naye Bibi akapita na mwavuli, akacheka mpaka akachoka, halafu akauweka mwavuli chini akasukuma. "Nilisukuma gari nikapata mume," husema. "Sijui siku ile nani alimbeba nani." Miaka mitatu mzee alimwahidi kumrudisha pale, na miaka mitatu gari halikutoka.

Sasa niseme na langu. Mwaka juzi Wiki Ijayo aliniona nimekalia debe la rangi siku nzima, nashona. Kesho yake nilipofungua duka nikamkuta mlangoni na kiti kirefu chekundu cha gari, springi zake bado zinadunda. Alikipandisha juu ya makreti mawili, akakikalia mwenyewe kwanza kukijaribu, akaweka kidole mdomoni.

"Shangazi yako akiuliza, mwambie nimekiokota gereji. Na Bibi yako asijue kabisa."

Shangazi alipofika alikitazama kile kiti, akapitisha kidole kwenye mshono, akanyamaza. Shangazi kunyamaza ni jambo la ajabu, lakini mgongo wangu ulikuwa umepata raha na sikutaka maswali.

Mwezi uliopita mzee alijilaza baada ya chakula cha mchana na hakuamka. Tulimzika, watu walikuwa wengi, hata wenye maduka ya mikate walikuja. Sitaandika sana kuhusu siku hiyo. Mwenyekiti alitaka kusoma hotuba ya kurasa nne, akaishia mstari wa pili, Daktari akamshika mkono.

Baadaye ikaja habari kwamba Bibi anahamia kwa binti yake. Nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba anataka banda liwe tupu. Mwenyekiti akaja na wenzake, kofia mkononi, kumwomba asiliuze gari. Bibi akawatazama.

"Sikilizeni, vijana," alisema, na kijana wao mdogo ana miaka hamsini na mbili. "Kwa binti yangu kuna nafasi ya kuliweka. Likitoka lango hili kwa nguvu zake kabla ya Jumapili kuisha, nakwenda nalo. Lisipotoka, Jumatatu anakuja mtu wa vyuma chakavu. Nimeshamwita. Mimi nimesubiri miaka mitatu."

Jumapili asubuhi magari matatu yakapanga mstari nje ya lango. Mwalimu alileta betri mpya na dumu la petroli. Walikuwa na furaha, kwa sababu waliamini ni hitilafu ndogo tu, kwamba mzee alikuwa mtu wa kuchelewa na wao wangemaliza kazi kabla ya saa sita. Shangazi akafunga duka, tukavuka kwenda kutazama.

Gari lilikuwa linang'aa kama limetoka dukani leo. Ungeweza kujitazama kwenye mlango ukachana nywele. Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Kwa heshima ya mwenzetu," akafungua boneti.

Wote watatu wakainama kuchungulia.

Injini ilikuwepo, lakini ilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka saba. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, haikuwepo. Koili ya kupeleka moto kwenye plagi haikuwepo. Stata ya kuamshia injini nayo haikuwepo, zimebaki nyaya tu, ncha zake zimefungwa vizuri kwa utepe.

Nikawatazama wale watatu, maana kutazama ndiyo kazi yangu. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta, na haikuwa chafu. Daktari aliinama kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havina kamba. Mwalimu alianza kusoma maandishi kwenye dumu la petroli.

"Kuna nini?" Bibi akauliza.

"Panya, labda," alisema Mwenyekiti.

"Panya anabeba chuma?"

Bibi akasogea, akachungulia, na uso wake ukabadilika. Sikuwahi kuuona hivyo hata siku ya mazishi.

"Kwa hiyo alikuwa ananidanganya," alisema taratibu. "Miaka mitatu anakuja hapa na spana zake, anarudi na mikono michafu, na hapakuwa na kitu cha kutengeneza. Gari halikuwa na roho, na yeye anajua. Kilimani hakuwa na nia ya kunipeleka." Akajifuta mikono kwenye kanga ingawa hakuwa ameshika kitu. "Mpigieni yule wa vyuma. Aje leo leo."

Hapo ndipo mimi nilipochungulia dirisha la nyuma. Nyuma hapakuwa na kiti. Palikuwa na ubao na blanketi lililokunjwa.

Nilivuka barabara, nikafungua duka, nikakishusha kiti changu kutoka kwenye makreti, nikakiburuta. Ni kizito, kilinigonga magoti njia nzima. Nilipoingia nacho langoni wote wakageuka.

"Bibi," nikasema, "cha nyuma ni hiki. Alinipa mimi, kwa sababu nilikuwa nakalia debe. Alisema usijue."

Shangazi akapumua. "Mimi nilijua. Kiti hiki nilikishona kwa mkono wangu mwaka ule wa mvua nyingi. Ulidhani nitasahau mshono wangu? Lakini mtu akitoa kwa siri, ukimtangaza umempokonya."

Mwalimu akaweka dumu chini. "Koili iko kwangu," alisema. "Gari langu lilikufa wiki ya mitihani. Akaniambia anayo nyingine kabatini."

"Mimi stata," alisema Daktari, sauti ndogo kama ya mgonjwa wake. "Aliniambia nisimwambie Mwenyekiti, maana atatunga kanuni."

Tukamgeukia Mwenyekiti. Alikuwa bado anaifuta ile miwani.

"Niliamka asubuhi moja," akasema, "nikakuta kabureta mlangoni. Imefungwa kwenye karatasi ya mkate. Nilijua ni yeye, nani mwingine ana karatasi za mkate? Nikadhani ni ya akiba. Kila Jumapili nilimbeba kiti cha nyuma, nikimtania kwamba gari lake halitatoka ng'o. Na kilichokuwa kinatubeba ni chake."

Bibi aliwatazama mmoja mmoja. Nilidhani atalia. Akaanza kutikisika mabega, halafu akacheka, akacheka mpaka akakaa juu ya kiti changu chekundu katikati ya uwanja.

"Panya wenyewe ndio hawa!" akasema, akiwanyooshea kidole. "Panya wazee wenye mvi! Na yule mpumbavu wangu, kila jioni yuko humu anafanya nini, kama si kutengeneza?"

"Anapiga rangi," nikasema, maana mara nyingi nilimchungulia kwenye tundu la mabati. "Na kusikiliza redio. Na alikuwa anatafuta vifaa vingine gereji zote. Alirudi mikono mitupu, anasema labda wiki ijayo."

Basi kazi ikaanza. Mimi na Shangazi tukakirudisha kiti chekundu mahali pake ndani ya gari. Magari yale matatu yakafunguliwa pale pale barabarani. Mwalimu alimaliza wa kwanza. Mwenyekiti wa pili, lakini alijipaka mafuta hadi kwenye shati la hotuba. Daktari nati yake iliganda.

"Wewe kila siku unang'oa meno," Bibi akamtania, "nati moja inakushinda?"

"Jino halina kutu, mama."

"Uichome sindano ya ganzi kwanza!" Shangazi akadakia.

Ilipofika saa nane nati haijatoka, kichwa chake kimekuwa mviringo kabisa, spana inateleza. Wakaamua waiache stata, gari litasukumwa mpaka liwake. Mwenyekiti akasimama akitazama barabara, magari mawili yametolewa matumbo na la tatu limepasuliwa bure.

"Tumevunja kanuni ya kwanza," akanong'ona. "Tumeacha magari barabarani."

"Soma vizuri kanuni yako," Mwalimu akamjibu. "Lililoachwa nyuma miaka yote hii lilikuwa lipi?"

Mwenyekiti akaingia kwenye usukani wa gari la buluu. Bibi alifunguliwa mlango wa mbele kwa heshima zote. Akautazama, akavua viatu, akamkabidhi Shangazi.

"Siwezi kukaa kama gunia wakati gari hili linasukumwa. Sogeeni."

Tukasukuma. Mara ya kwanza likakohoa, likanyamaza, magurudumu ya mbele yako nje na ya nyuma yako ndani.

"Nusu imetoka," Daktari akasema, anahema.

"Nusu ndiyo niende nayo, nusu nimwachie mtu wa vyuma? Rudisheni nyuma!"

Mara ya pili tulisukuma kwa nguvu zote. Mwenyekiti akaachia klachi, gari likaruka kama limechapwa kiboko, likatoa moshi mweusi uliomfunika Daktari mzima, likanguruma. Likatoka langoni lenyewe. Tulilikimbilia huku tunapiga kelele, Bibi mbele yetu pekupeku, maana Mwenyekiti aliogopa kulisimamisha.

Mwishowe alipunguza mwendo, tukapakiana sita. Bibi mbele, sisi wanne juu ya kiti chekundu, na mimi ndiye niliyejua springi zake zipi zinachoma. Kilimani tulipanda taratibu sana, mtu mwenye baiskeli akatupita, akatusalimu. Mwalimu akakasirika, akataka aendeshe yeye.

Juu kwenye tangi la maji Mwenyekiti hakuzima injini, hakuthubutu. Bibi akashuka, akasimama mahali fulani kwenye mteremko, akapiga hatua mbili kushoto, akasema, "Hapa." Sisi tukatazama pembeni. Injini ilikuwa inanguruma nyuma yetu, haina mpangilio mzuri lakini inanguruma.

Simu ya Bibi ikalia. Ilikuwa sauti ya mtu wa vyuma chakavu, kubwa, tuliisikia wote. Alitaka kujua kesho aje saa ngapi na lori.

Bibi akajifuta macho na ncha ya kanga. Akatazama juu kidogo, kama mtu anayepiga hesabu nzito.

"Njoo wiki ijayo," akamwambia.