Sauti kwenye Kioo Cheusi

Juzi nilikuwa Daraja Mbili, studio ya kuhariri video za harusi, nikisubiri picha zangu za pasipoti. Mama mmoja kutoka Nkoaranga alileta CD aliyorekodi marehemu mwanawe. Fundi akaiweka kwenye kompyuta. Kioo kikabaki cheusi tii.

"Kodeki yake, yaani mfumo uliofungia video, ni ya zamani, mama. Programu mpya haiisomi."

Hajamaliza, sauti ya yule mwana ikatoka gizani: "Mama, sogea kidogo kwenye mwanga."

Mama akainuka, akasogeza kiti chake hadi mlangoni penye jua. Hakuna aliyecheka.

Fundi akapekua maktaba ya programu mpaka akaitambua ile kodeki, akaipachika. Picha ikatokea: mama huyohuyo, nywele bado nyeusi, anasogeza kiti hadi mlangoni. Mwanawe hayumo. Ndiye aliyeshika kamera.

"Imekubali, mama!" fundi akasema, akijisifu kama aliyefufua mtu.

Mama akatazama kidogo, akamgeukia.

"Asante, baba. Sasa nirudishie ile nyeusi. Kwenye ile alikuwepo."