Pale Kaka Anapotabasamu

Tunamwita Mkasi, ingawa mwenye mkasi hapa saluni ni mimi. Yeye hukata video. Unampelekea picha na vipande vilivyozagaa kwenye simu yako, mtoto akijifunza kutembea, marehemu babu akicheka, naye anaviunga, anatia muziki na maandishi, unapata kitu cha kukuliza mbele ya wageni. Kazi aliianzia chumbani kwake, kompyuta juu ya kitanda, wateja wakiingia na viatu mkononi kwa sababu mama yake hataki sakafu ichafuliwe.

Alichokitaka ni chumba cha mbele. Kwao kuna chumba kinachotazama barabara, kimejaa magodoro makuukuu na baiskeli isiyo na gurudumu. Aliomba hadi akachoka. Mama hakukataa wala hakukubali.

"Hiyo kazi ya kubandika picha siielewi, mwanangu. Niione kwanza."

Basi akaamua amwonyeshe. Siku ya kuzaliwa ya mama ilikuwa inakaribia, akawaomba ndugu walio mbali wajirekodi salamu. Shangazi akatuma, binamu wakatuma, hata mjomba asiyejua kushika simu alituma, nusu uso. Kaka yake, kifungua mimba na kipenzi cha mama, aliyeko ng'ambo miaka nenda miaka rudi, kimya. Akapigiwa, akasema kesho. Kesho yake hakupokea.

Mkasi alijua kwamba mama angeitazama video nzima akimtafuta huyo mmoja. Akachimbua simu yake ya zamani, akapata kipande ambacho kaka alimtumia wakati ana mpango wa kurudi. Mpango ulikufa, na kaka akamwambia asimwonyeshe mama. Akakileta hapa, tukakitazama huku nikimsuka mteja. Kaka anasema: "Mama yangu, nakupenda sana. Nakuja nyumbani."

"Hapo pa kuja pakate," nikamwambia.

"Nimejaribu, dada. Lakini anatabasamu hapo tu. Kwingine kote kanuna. Nikikata hapo, sina kaka wa kumwonyesha."

Fundi ni fundi. Aliangalia uso, maneno akayaacha yapite.

Siku yenyewe nilikuwepo. Mama alimcheka mjomba, akalia kwa picha za marehemu mumewe. Kaka alipotokea, akainuka kitini.

"Anakuja! Mmesikia? Mwanangu anakuja!"

Watu wakapiga makofi. Akataka irudiwe, ikarudiwa, mpaka binamu mmoja akaanza kumwigiza kaka. Halafu mama akatangaza, uso umemng'aa:

"Kesho mtoe takataka chumba cha mbele. Tupake rangi. Mwanangu hawezi kulala sebuleni kama mgeni."

Nilimtazama Mkasi. Alikuwa amechuchumaa kando ya nyaya, mdomo wazi. Mama naye akamgeukia.

"Na wewe? Wenzako wote wamenitolea salamu. Wewe mbona humo hata hujaonekana?"

Nilitaka kufoka. Mkasi akainuka, akanikanyaga mguu. Angesema nini? Kwamba salamu ni za zamani, na mwana hajakumbuka? Angemvunja mama moyo, na kazi yake ingeitwa uongo siku hiyohiyo. Baadaye alimpigia kaka kumweleza balaa lililotokea. Yule bwana akacheka, akasema mwambie mwaka ujao. Mimi simpendi, na sifichi.

Sasa chumba kimepakwa rangi. Kitanda kimetandikwa, shuka hubadilishwa ingawa hakuna anayezilalia, na anayezifua ni Mkasi. Yeye anafanyia kazi hapa kwangu, katikati ya sinki na mashine ya kukaushia, nywele za watu zikiangukia kompyuta yake. Wateja anao, tena wengi, lakini wanasimama, maana viti ni vya wanaosukwa.

Mama huja kila akikumbuka. "Mwanangu, niwekee pale anapotabasamu." Mkasi anapangusa nywele, anamwekea.

Juzi alikuja tena. Akatazama, akafuta macho kwa kanga, kisha akamshika Mkasi bega kwa upendo ambao sijawahi kumwona nao.

"Kumbe kazi yako ni nzuri hivi. Mimi nilikuwa sijui. Sikiliza, kaka yako akishakuja, akakaa akaondoka, kile chumba nakupa wewe."

"Ahsante, mama," Mkasi akasema, akamrudishia video mwanzoni.