Vifundo vya Miguuni kwa Mama

Kwetu Ushetu, enzi hizo ndiyo kwanza naanza kutumwa dukani, mimba ilikuwa kitu cha kufungwa na kufunguliwa. Mwenye roho mbaya anafunga fundo, analificha anakojua mwenyewe, na wewe hujifungui ng'o. Ndiyo maana mwanamke akikaribia siku zake, nyumbani hakikuachwa kitu kimefungwa: nywele zinafumuliwa, mbuzi wanazurura bila kamba, hata gunia la mahindi linaachwa wazi panya wajilie.

Mama alipokuwa na mimba ya mdogo wangu, mishipa ikamtuna miguuni. Ilijikunja nyuma ya goti, ikashuka kwenye shavu la mguu, mahali pengine imevimba kama harage. Jioni miguu ilimwaka moto mpaka analia chinichini. Bibi, mama yake baba, aliipapasa, akanyanyuka.

"Hivi ni vifundo," alimwambia baba. "Mkeo amefungwa."

Na nani sasa? Ulikuwa msimu wa tumbaku. Wanawake walisimama kutwa nzima wakifunga majani kwenye vijiti kwa kamba, tayari kupelekwa kwenye bani kukaushwa, na mama alisimama nao na tumbo lake. Kwamba ni huko kusimama, hakuna aliyeliona. Kilichoonekana ni kwamba jirani yetu, Mama Minza, alifunga haraka kuliko wote, na siku zote alisimama ubavuni kwa mama. Tena tangu amzae Minza hakuwahi kuzaa mwingine. Weee! Tulitaka ushahidi gani zaidi? Nikakatazwa hata kwenda kuomba moto kwake. Nilikuwa namvizia vidole vyake, na naapa niliona midomo ikicheza kila alipokaza kamba.

Siku bibi alipoamua kumfungua mama, baba alikuwa shambani. Bibi alimkalisha mama uani kwenye kigoda, akachukua wembe mpya, akachanja juu ya kifundo kikubwa ili apake dawa. Haikutoka damu kidogo ya chale. Iliruka ikanipiga kwenye gauni. Bibi akapaka dawa, damu ikaisukuma.

"Limi," mama aliniambia, "mbona sioni vizuri?"

Nikapiga yowe. Aliyefika wa kwanza ni Mama Minza, na wala hakupiga hodi.

"Mlazeni chini! Alale!"

Akaubeba ule mguu begani kwake, akakunja khanga, akaikandamiza kwenye jeraha kwa viganja vyote viwili. "Mama Limi, niangalie. Niangalie mimi." Alikaa hivyo hivyo, damu ya mama imemlowesha kifua, mpaka ikakata. Baba akaja kumkimbiza mama zahanati, na mwezi haujaisha mdogo wangu akazaliwa mzima.

Ungedhani yaliishia hapo. Thubutu! Bibi aliosha wembe wake taratibu, akauliza waliokusanyika: "Mmeona alivyoifunga damu? Angejuaje kufunga, kama si yeye aliyefunga vile vifundo?" Watu wakatazamana, wakaguna. Baada ya hapo Mama Minza akisalimia anaitikiwa nusu nusu, na tumbaku yake akaifunga peke yake. Kabla ya mvua alihamia Nyarugusu na mwanawe, kwenye machimbo ya dhahabu. Juzijuzi nilimuuliza mama kama aliwahi kumshukuru.

"Ningemshukuruje, mwanangu, na bibi yako ananitazama?"

Iliniuma sana. Nilimlaumu bibi moyoni, nikajiona mimi ni mtu tofauti naye kabisa.

Sasa nina mimba mwenyewe, hapa Isaka, na mishipa imenitoka miguuni. Nesi wa kliniki aliniambia haya huwapata wajawazito wengi: damu huongezeka, na tumbo hukandamiza mishipa. Nisisimame muda mrefu, nitembee kidogo kidogo, nikikaa niinue miguu, nilale kwa ubavu. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, niwahi hospitali. Ninafanya hivyo na nafuu naiona.

Lakini kuna jambo nesi sikumwambia. Siku nilipoiona ile mishipa, kabla sijaiwazia kliniki, nilikaa kitandani nikawapitia majirani zangu mmoja mmoja, nani ananitazama vibaya. Na nilishampata. Ni yule mama wa chumba cha pili, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameniletea uji.